Changarawe Zisizooshwa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mguu wa shangazi yako umepona, na ndizi za Matombo zimezaa vizuri. Umeniuliza ufanyeje ili maji ya tangi lako jipya la samaki yafae upesi, maana samaki wa kwanza wamekufa.

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani wa kilimo Morogoro, msichana mwoga. Kwa ajili ya maonyesho tuliweka perege kwenye tangi la kioo, wakafa katika maji safi kabisa. Bosi akasema wakifa tena, nirudi kwetu. Nikaenda Mkuyuni, kwenye bwawa la zamani la kijiji, nikachota changarawe zenye utelezi.

"Karani, mjini mmeishiwa matope?" mwenyekiti wa kijiji akanitania.

Nilipozifikisha ofisini, bosi akaamuru zioshwe kwa sabuni. Nikasema, "Hapana, mzee. Hata mama hasugui chungu cha togwa, mabaki ndiyo yanachachusha mpya. Utelezi huu ndio unaokula uchafu wa samaki."

Akazimwaga ndani mwenyewe.

Nawe waombe rafiki zako wanaofuga samaki changarawe za tangi la zamani, usizioshe, uanze na samaki wachache. Perege wetu waliishi. Mimi niliogopa hadi jioni, lakini sikujuta.

Bibi yako anayekuombea