Maneno Yangu Ilienda kwa Mwenye Klavie

Bunia

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia sana, weye na baba. Goti yako iko aje na hii mvua? Mihogo mulishapanda? Siye huku tuko wazima. Neema ameanza kutembea, anashikilia ukuta kama muzee.

Mama, najua wakwe wangu wa pale Aveba wanasema nimekatala bwana yangu, eti niko na mwingine mu mji. Sikia vile ilikuwa.

Bwana yangu aliniandikia toka Kilo. Wenzake wanaenda kuchimba zahabu mbali, mu pori, fasi hakuna rezo ya telefone. Akasema: "Ukiniambia nirudi, nitarudi. Ukinyamaza mupaka hii siku ya Mungu, siku ya kanisa, nitajua umechoka na mi, nitaenda nao." Kuita kwa telefone haiwezekane kule Kilo, maandiko tu njo inapitaka.

Mu telefone yangu muko klavie mupya, herufi za kuandikia Kingiti yetu. Munafunzi moja wa kanisa aliitengeneza, akawawekea wamama bure. Nilifurahi, juu nilitaka bwana asome luga ya nyumbani. Lakini ile klavie iko na kadirisha. Unaandika, kanaruka katikati, kanafunika maneno yote, kanauliza kitu kwa Kifaransa, luga yenye sijue.

Niliandika: "Rudia. Mutoto anatembea, anatafuta mukono yako." Kadirisha kakaruka. Chini kaliandikwa "Envoyer". Ile neno moja naijua, ni kutuma. Nikabonyeza. Kioo ikabaki nyeupe, nikasema imeenda. Nikafua nguo nikiimba.

Siku ya Mungu ikapita kimya. Nikaita, nikaita, hapatikane: alishaenda na wenzake. Njo nikaenda kuuliza ule munafunzi. Akafungua ordinatere yake, ile kompyuta: maneno yangu ilikuwa mule, yote. Kumbe kadirisha kanamutumiaka yeye makosa ya klavie, pamoja na kile mutu alikuwa anaandika. Kwa bwana haikufika hata neno moja.

Akasema, "Aksanti mama, umetusaidia sana kurekebisha."

Nilifunga mutoto mu mugongo, nikatoka.

Mama, usigombane na wakwe. Nimekunja karatasi ingine ndani ya hii, ni ya bwana. Patia shemeji mukubwa, akipanda Kilo atafute watu wenye kujua njia ya ile pori. Akitaka kuisoma, aisome. Ni maneno ile ile, munafunzi alishaisoma.

Salimia baba, na yaya, ndugu yangu mukubwa wa kule shamba. Salimia na mama mukwe, hata kama ananitukana.

Ni mi binti yako, Mama Neema, bado bibi ya bwana yangu.