Tundu Lililolala Ubavu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua marahaba umeitikia kwa sauti, kama ulivyozoea, ingawa unasalimiana na karatasi. Mgongo wa mama unaendeleaje? Maharage yamezikubali mvua hizi? Na ile migomba ya bondeni iliyoshikwa na mnyauko, mliing'oa au bado mnaionea huruma? Mimi mzima, isipokuwa baridi ya huku Afrika Kusini imenipasua midomo, na kichwa changu kimevurugika. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nisingeyamaliza haya, kwani kila nikipiga unapaza sauti, "Sikusikii, mutoto wangu, mtandao wa huko ni mubaya!" halafu unampa mama.

Nilikwambia nimepata kazi kwenye klabu ya kulenga shabaha. Wanaume wa huku kila Jumamosi wanalala kifudifudi kwenye nyasi kavu na kupiga karatasi iliyo mita mia nane mbele yao. Mimi nakaa handakini, chini ya hiyo karatasi. Risasi ikipita naiteremsha karatasi, naonyesha tundu lilipo kwa kibao cha duara, naziba la zamani kwa kipande cha karatasi yenye gundi, naipandisha tena. Usiogope, udongo ulio mbele yetu ni mnene kuliko ukuta wa kanisa.

Karatasi yangu hupigwa na mzee mmoja wa umri wako. Huku mzee anaitwa Oom, yaani mjomba, basi nami namwita hivyo. Mkewe alifariki mwaka juzi, na tangu hapo kinachomtoa nyumbani ni bunduki aliyoirithi kwa baba yake. Kila asubuhi ya mashindano hushuka handakini kunisalimia kwa mkono. Wengine hawashuki.

Sasa sikia lililonichanganya. Mimi nilidhani risasi ni risasi. Kumbe watu wazima wanaweza kubishana juu ya uzito wake mpaka chai ikapoa. Wanaupima kwa kipimo kidogo sana kiitwacho greni. Huyu anasema chukua ya mia na hamsini na tano, nyepesi, inaondoka kwa kasi na haishuki sana njiani. Yule anasema hiyo inachoka mapema na upepo unaichezea. Chukua ya mia na tisini, inaondoka polepole kidogo na inakupiga bega, lakini upepo haiusikilizi sana. Wa kwanza akiongea namwamini. Wa pili akiongea namwamini yeye. Baba, mimi niliyekua nikiwarushia nyani mawe kwa kombeo shambani kwako, nikajiona sijui hata jiwe ni nini.

Oom naye aliwasikiliza, akaacha nyepesi alizopiga maisha yake yote, akahamia nzito. Tangu siku hiyo risasi zake zikaanza kutawanyika, moja huku, moja kule, nyingine hazigusi karatasi kabisa. Na mimi handakini nikaona kitu ambacho yeye kule aliko hawezi kukiona. Matundu hayakuwa ya mviringo. Yalikuwa marefu, kama tundu la kifungo. Risasi zilikuwa zinafika zimelala ubavu.

Nikauliza kwenye chai, kijanja, bila kutaja jina. Wakaniambia ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda, inayoizungusha risasi ili iende imenyooka. Nzito huwa ndefu, inataka kuzungushwa zaidi. Mtutu wa zamani ulichongwa kwa ajili ya nyepesi; ukiulisha nzito hivyo, inayumba na kupinduka njiani. Kumbe swali halikuwa ipi ni bora, bali bunduki yako inaiweza ipi. Nikaelewa. Nikanyamaza.

Utaniuliza kwa nini. Baba, ningeanzaje? Mzee haambiwi na mtoto kwamba amekosea. Wewe ukiwa katekista, ulipoanza kuruka mistari ya somo kanisani, nani alikwambia? Tulimtuma mzee Bandora wa rika lako na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkaongea habari za mbuzi siku nzima, akaja kutaja miwani akiwa mlangoni anaaga. Nami nikamngoja Bandora wa huku. Hayupo. Rafiki zake Oom wa rika lake wamekwisha kufa. Nikawa naziba yale matundu, wiki baada ya wiki, nikijisifu kwamba nina adabu.

Jumamosi iliyopita alishuka handakini mashindano yalipokwisha. Hakunipa mkono. Alivua koti lake zito la kulengea, akanivika.

"Chukua. Mimi basi. Macho yamekufa, mikono inatetemeka. Bunduki naiuza Jumatatu."

Niliona aibu. Nikaenda kwenye takataka, nikachana kipande cha karatasi chenye tundu, nikampa. Akalipapasa kwa kidole, akaigeuza karatasi, akalipapasa tena.

"Imelala," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu ulipobadilisha uzito, Oom."

"Miezi mitatu! Na wewe unaona?"

"Nilikuheshimu, Oom."

"Uliniheshimu?" Akanitazama sana. "Miezi mitatu nayalilia macho yangu mwenyewe, na wewe umekaa huku chini unaniheshimu!"

Kisha akanivua lile koti, akalivaa, akaondoka bila kuaga.

Leo nimesikia bunduki haikuuzwa, na kwamba amenunua boksi zima la risasi nyepesi. Salamu hajanipa. Sijui kama nimepata rafiki au nimempoteza. Sijui hata kosa langu ni lipi, kunyamaza au kusema. Nimeligeuza jambo hili kila upande na bado silielewi.

Ila moja nimeliona wazi, na limenichoma. Baba, mtandao wa huku hauna shida. Mama anajua, dada Dafroza kule Nyantakara anajua, na mimi najua: ni masikio yako. Tumekuacha uilaumu simu. Umeacha kwenda kwenye sala za jumuiya ukisema watu siku hizi wananong'ona. Hawanong'oni, baba. Nenda ukapimwe, vifaa vya kusikilizia vipo. Unikasirikie ukitaka, hata usinisalimie kama Oom, lakini nenda.

Nisalimie sana mama, mwambie asikufiche tena. Salamu kwa dada na shemeji, na kwa katekista kijana aliyeshika nafasi yako. Mzee Bandora msalimie kwa namna yake: kibuyu safari hii anywe mwenyewe, maana nimeshakwambia mimi.

Mwanao anayekukumbuka,
Deogratias