Mpeta Chini ya Mikarafuu Yangu

Alkhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, majamvi yote tumeyakunja na karafuu tumezirundika ukumbini. Nyumba nzima inanukia, ila moyo wangu mzito.

Leo nimemuona Bi Mwanakombo akinyang'anywa pakacha lake na askari.

Bi Mwanakombo ni jirani yetu, mjane. Kila msimu huingia shambani kwetu, nje kidogo ya Chake Chake, kuokota mpeta, zile karafuu zinazodondoka zenyewe. Marehemu baba alimruhusu, na kabla yake babu aliwaruhusu wengine. Hapakuwa na kuandikishana. Mwenye mikarafuu huchuma za juu, majirani huokota za chini, ndivyo tulivyoishi.

Mwaka huu kuokota mpeta kumepigwa marufuku. Eti mpeta ni kichaka cha wezi. Sikatai, wezi wapo. Wanakwanyua karafuu mbichi za watu, wakiulizwa wanasema wameokota. Basi si wakamatwe hao wezi! Bi Mwanakombo alikuwa ndani ya shamba langu, kwa ruhusa yangu. Nilimwambia hivyo sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini aliyekuja nao, askari wakisikia. Akanijibu kwa upole, "Ruhusa yako haihesabiki, bwana. Amri imetoka juu."

Ardhi yangu, miti yangu, jirani yangu. Ruhusa yangu haihesabiki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyo wa juu aliyeitoa namjua. Mama yake aliokota mpeta humu humu kwetu, ndio uliomvalisha sare za skuli. Mwenyewe alitusimulia kwenye matanga ya baba, machozi yakimtoka. Juzi juzi kasimama jukwaani kutuhimiza tulinde mila za wazee wetu. Watu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, Mungu anisamehe.

Mimi si mtu wa kuipinga serikali. Naitaka ijenge barabara, ipeleke dawa hospitali, imfunge mwizi. Lakini ikishaingia kati yangu na jirani yangu, itabakisha nini?

Baada ya laasiri niliingia shambani, nikaokota mpeta kwa mikono yangu, nikajaza kikapu na kumpelekea. Nilidhani nimepata ufumbuzi. Nilimkuta kibarazani, akanikaribisha vizuri, akaniuliza hali za watoto. Kikapu hakukigusa.

"Mwanangu, nikiokota mie n'jasho langu. Ukinletea weye n'sadaka. Mie sijafika huko."

Nilikiinua kikapu changu. Nimerudi nacho nyumbani, na hadi sasa naona haya hata kumsimulia mke wangu.

Kila siku tunaambiwa mnyonge anainuliwa. Leo wamemkuta mwanamke anayejitegemea, wakataka kumfanya ombaomba, na mkono uliomnyooshea hiyo sadaka ulikuwa wangu.