Kisu cha Baba Kimeacha Kuitika

Jumatatu, 3 Machi

Leo nesi alipomaliza kumpima baba alikiona kisu chake kwenye sahani. Akauliza, ndicho anachokatia chakula hiki? Nikasema ndicho, miaka yote. Akakishika kwa ncha za vidole, kama mkia wa panya. Kimekuwa cheusi hivi mama Chiriku, kisafishe, mzee mwenyewe hana nguvu za kupigana na vijidudu.

Niliona aibu. Nesi akatoka, nami nikakaa chini na kisu. Waya wa kusugulia masufuria, majivu, maji ya moto. Nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi. Weusi wote ukatoka, chuma kikang'aa nikaliona jicho langu humo. Kwenye bawaba nikamimina mafuta ya kupikia, kiwe laini. Chiriku kando yangu anasugua kijiko na kunihadithia habari za paka. Miaka mitatu tu na mdomo haupumziki, jina tumempa sawasawa.

Nikamrudishia baba kisu mfukoni mwa shati, mahali pake. Nikajiona mtoto mwema.

Jumanne, 4 Machi

Hajala.

Nilimwekea nanasi. Akatoa kisu, akakikunjua, akakigeuza huku na huku. Akakiweka mezani taratibu. "Si changu hiki."

Nikamwambia ni chako baba, nimekiosha tu. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei dukani. Samahani bibie, kuna mtu amenibadilishia.

Bibie — ndivyo anavyoniita tangu mwezi wa kumi na mbili, ugonjwa ulipompanda kichwani. Mimi amenisahau, hilo nimelizoea, au nasema nimelizoea. Kisu hakuwahi kukisahau.

Nikamkatia kwa kisu cha jikoni. Akafumba mdomo. Baba hali kitu alichokatiwa na mtu mwingine. Hata kwenye harusi yangu alichomoa chake mbele ya wakwe, mume wangu akabaki anacheka na kutazama dari.

Alhamisi, 6 Machi

Maziwa tu, na supu vijiko vinne. Nesi amepita. Anasema tumpe muda, lakini ikifika Ijumaa ya tarehe 21 bado yuko hivi, wodini, wamwekee mpira wa kulishia puani. Baba na mpira puani! Atauchomoa. Watamfunga mikono. Niliona kwa jirani walivyomfunga.

Dada amekuja na mita yake ya ushonaji bado shingoni. Nikamweleza. "We nawe usafi umekuzidi. Mbona baba mwenyewe hukumsugua na majivu?" Tukacheka wote wawili. Kisha yeye akageukia ukutani, nikaona mabega yanatikisika.

Tulikumbushana karakana. Miaka thelathini baba alitengeneza visu vya kukunja, peke yake, na jiliwa la kubania chuma na tupa na vipande vya pembe vinavyonuka vikikatwa. Kisu kikiisha alikifunga karibu na sikio. Kikitoa ile tak safi alisema, kimeitika. Kisichoitika alikifungua chote, akaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni ananuna. Jioni akimaliza kazi alikifunga chake mwenyewe, tak, na sisi uani tunajua tunaitwa. Dada alikuwa mzito. Mimi ndiye niliyewahi kila siku — "Abee, baba!" — na mikono yenye matope.

Nimekifunga sasa hivi hapa mezani. Kimya. Kama mtu aliyekasirika.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni. Bwana mmoja mwenye miwani na begi la ngozi, viatu vimejaa vumbi. Anakusanya visu vya kukunja vya zamani. Sikujua kuna watu wa hivyo! Anavyo mia tatu, kwenye droo zilizotandikwa kitambaa, na kila Jumapili anavifungua na kuvifunga kimoja kimoja visije vikajiona vimesahauliwa. Mke wake anasema bora angefuga kuku.

Kumi na viwili ni vya baba. Anavijua kwa nukta tatu alizokuwa akizigonga chini ya chuma. Amewauliza watu miaka miwili kama aliyezigonga yuko hai.

Nikamwuliza anaona nini kwenye kisu cha kumenyea machungwa. Akatoa kimoja akaniwekea mkononi. Shika. Hiki kilibebwa na mpimaji ardhi miaka arobaini, tazama pembe ilivyolika alipokuwa anaweka gumba lake. Vya siku hizi ukivunja springi unatupa. Hiki springi haijalegea hata kidogo, na ikilegea fundi ataifungua aikaze, maana aliyekitengeneza alijua kuna mtu atakuja kukitengeneza tena. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama yuko kwenye nyumba ya ibada. Mimi nikampenda hapohapo.

Akakifunga karibu na kiti cha baba. Tak.

Baba hakufungua hata macho. "Springi ya huyo niliiacha nene," akasema. "Alikuwa na mikono mikubwa."

Yule bwana akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Na mimi nikaingia jikoni. Mpimaji ardhi wa miaka arobaini iliyopita anakumbukwa mikono yake. Sawa.

Kisha nikamwonyesha kisu cha baba. Kwanza alifurahi, halafu uso ukamshuka. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Akasema polepole, ule haukuwa uchafu, dada yangu. Chuma cha namna hii hakina dawa ya kukizuia kubadilika rangi. Kila tunda alilokata limeacha alama yake humo, bluu, kijivu, nyeusi. Ule weusi ndio uso wake. Umemfuta uso.

Na mafuta ya kupikia yanaganda kama gundi, ndiyo maana hakiitiki.

Nikamwuliza kama uso unarudi. Akasema unarudi, ila si uleule, na hauna njia ya mkato. Nisikitumbukize kwenye siki, kitatoka mabaka ya uongo na mzee atayajua. Nikitumie tu. Kila siku, vitu vichachu. Nikifute, nisikisugue. Alipokuwa anaondoka aliomba ruhusa kushika mkono wa baba. Baba akampa, akamwuliza kama ana watoto.

Jumapili, 9 Machi

Nimekiloweka kwenye mafuta ya taa kama alivyoagiza yule bwana. Likatoka tope la kahawia. Dada akaleta kichupa chake cha mafuta ya cherehani, tone moja tu kwenye bawaba. Tukafungua, tukafunga. Mara ya kumi hivi — tak.

Baba chumbani akaacha kukohoa.

Nikampelekea mbio. Akakisikiliza sikioni. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakikunjua, akaona ule mng'aro, akanirudishia. "Sauti umeipata, bibie. Kisu bado."

Nilikuwa na furaha nusu siku.

Jumatano, 12 Machi

Ndimu. Nanasi. Kitunguu. Ndimu. Chiriku anataka kuonja kila kinachokatwa, anakunja uso wote, anasema tena. Mikono yangu inanuka mpaka usingizini. Kwenye chuma kumetokea wingu la kijivu, karibu na ncha.

Baba kapungua. Shati linaning'inia.

Mume wangu kapiga simu kutoka safarini, makelele ya malori nyuma. Anauliza kwa nini nalia. Nikamwambia vitunguu. Ilikuwa kweli, vilikuwepo.

Jumanne, 18 Machi

Wingu limefika katikati. Na leo kuna bluu! Kama shingo ya njiwa. Nimempelekea dada dirishani aione kwenye mwanga. Dada akasema, ngozi ya mtu aliyepona ndui. Kisha akaniuliza, na kikiwa cheusi kabisa na bado asikijue?

Nikakata ndimu nyingine.

Ijumaa, 21 Machi

Nesi anakuja saa kumi. Begi la wodi liko tayari mlangoni, nimelifunika na taulo nisilione.

Sikumpa kisu mkononi. Yule bwana alinipa wazo kwenye simu asubuhi: usimwonyeshe, akikute. Kwa hiyo alipolala baada ya mchana nimekitia mfukoni mwake. Si cheusi kama zamani. Kimefika rangi ya wingu la mvua. Nanasi nimeliweka mezani bila kulikatakata, pande moja nene, kwenye sahani yake yenye ufa. Kisha nimetoka. Nimekaa jikoni naandika ili mikono iwe na kazi.

Chiriku yuko mlangoni kwa babu yake. Nimemwambia asiseme kitu. Ni kama kuiambia mvua.

Anasema, babu ameamka.

Anasema, babu anakuna kifua. Hapana. Anatafuta.

Anasema, mama, babu ana kisu.

Siendi.

Hata Chiriku amenyamaza.

Tak.

Tak kabisa, ile ya karakanani, ya jioni.

"Abee, babu!" Chiriku ameniwahi. Nilimfundisha mwenyewe juzi tulipokuwa tukicheza.

Baba anacheka. Namsikia, kikohozi na kicheko pamoja. Anamwambia, si wewe, wewe mgeni. Ninamwita yule wangu. Yule wa matope mikononi. Amekwenda wapi leo?

Nimesimama. Naandika nimesimama. Nikiingia atamwona mwanamke mzima, bibie wa maziwa na supu. Nikiitikia kutoka huku, sauti yangu si ile.

Nanasi hajaligusa, Chiriku anasema. Anangoja.

Tak.