Mkeka wa Wifi Kwenye Maonyesho ya Sikukuu

Shoga, nikikudanganya hata neno moja, meno haya ya bandia yanidondoke hadharani.

Nimetoka kwenye maonyesho ya kazi za mikono ya sikukuu. Wifi yangu kapanga mikeka mezani. Kwa nakshi yangu! Ile niliyoibuni mimi! Anawaambia wateja, "Niliiota usingizini."

Aliiota!!

Nikasema leo ndiyo leo. Si unajua nilipomfundisha kuchemsha rangi ya ukindu nilimficha chumvi? Bila chumvi rangi haishiki, ikiguswa na maji tu inachuja. Nikapaza sauti: "Jamani, njooni muone mnachouziwa!" Nikanyakua ndoo ya muuza maua, nikaumwagia mkeka maji yote.

Watu wakainama. Shoga, maji yalitoka meupe kama ya kunywa.

Wifi akacheka mpaka akashikilia meza. "Wifi, chumvi uliyoninyima, mama yako alinipa siku ileile."

Mama yangu! Mama yangu mzazi!

Umati nao: "Aliyelowesha anunue! Aliyelowesha anunue!"

Nimelipa, shoga. Bei ya sikukuu, hakunipunguzia hata kidogo. Mkeka uko kichwani saa hii, unanichuruzikia mgongoni, na miguu inaelekea kwa mama.