Msimkate Fabiani Kimeo

Wasso, Ngorongoro
Jumatano jioni

Wapiganaji wenzangu wa nyumba moja: Mama yetu mpendwa, Kaka Bonifasi, na wewe Dada Veronika uliyenibeba mgongoni nikiwa sijui hata kutembea,

Nawasalimu kama wanavyosalimiana watu walio upande mmoja wa vita, hata pale wanapogombana wenyewe kwa wenyewe. Mama, shikamoo. Kaka, shikamoo, ijapokuwa tuliachana simuni kwa hasira. Dada, shikamoo. Goti la Mama limepata nafuu tangu baridi ipungue? Maharage mmeyavuna, au tembo wameshuka tena kutoka msituni wakavuna kabla yenu? Na Fabiani wako, Dada, anakula? Analala? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sababu ya ugonjwa huo ndiyo barua hii.

Naandika kwa kalamu kwa kuwa simu imetushinda. Simu Kaka anaweza kuikata, barua hawezi. Kesho alfajiri nitamkabidhi kondakta wa basi linalopita Karatu, naye ameahidi kuiacha dukani kwa Mama Prisca. Naomba isomwe kwa sauti, ninyi watatu mkiwa mmekaa, na asiinuke mtu kabla haijaisha.

Kwanza nirudie tuliyosemezana, ili Mama naye ayasikie yote na si nusu.

“Fundi wa kimeo atapita Jumatatu akitoka mnadani,” Kaka aliniambia. “Fabiani ana miaka minne, hajatamka hata ‘mama’. Kimeo kimemzibia sauti. Ni kitendo cha mara moja, kwisha.”

Nikamwambia, “Kaka, mtoto hajapimwa. Nisubirini nije.”

“We Mheshimiwa, huku si kwenye mgomo wenu wa chuoni! Hapa nyumbani sote tumekatwa kimeo, na wewe umekatwa. Mbona unaongea mpaka unatuchosha?”

Niliwasikia mkicheka nyuma yake. Mwaka jana hata mimi ningecheka. Safari hii nilimjibu, “Waliokatwa wakanyamaza hawapo kubishana na wewe.” Hapo ndipo alipoikata simu, na hapo ndipo nilipokuwa nataka kuanza. Basi naanza.

Mnajua kwamba chuo kilinileta huku kwa mafunzo ya vitendo, lakini sidhani kama niliwahi kuwaeleza vizuri kazi yenyewe. Mama huwaambia majirani kwamba nasomea udaktari wa kuongea, na hajakosea sana. Namfuata Bi Ritha, mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha, katika shule za msingi za wilaya hii. Shule ni nyingi, yeye ni mmoja, na kati ya shule na shule kuna vumbi la nusu siku. Gari tunaliazima. Lisipopatikana tunakaa Wasso tukilitazama jua, na watoto wanatungoja, au wameacha kutungoja.

Nini tunakikuta huko? Mtoto aliyelelewa kwa Kimaasai peke yake anaulizwa kwa Kiswahili siku yake ya kwanza darasani, ananyamaza, anaitwa mzito. Mwenye kigugumizi anachekwa mpaka anaacha kunyoosha mkono. Asiyesikia anachapwa kwa ukaidi. Wote watatu wanaishia dawati la nyuma, wakiwa wameunganishwa na kosa moja tu, kwamba hawajibu. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni atawatofautisha saa ngapi? Simlaumu mwalimu. Namlaumu yeyote anayesimamisha kuta na bati kisha akajisifu kwamba amejenga shule.

Kuwatofautisha hao ndiyo kazi yetu. Tunaifanyia ghalani, kati ya magunia ya mahindi, kwa sababu chumba kingine hakuna. Mkalimani wetu ni mpishi wa shule, Mama Sinyati, anayeacha sufuria jikoni na kuja kututafsiria. Uji ukiungua tunaunywa hivyohivyo pamoja na watoto, naye hutuambia, “Mkitaka uji mzuri, jifunzeni Kimaasai.”

Sasa sikilizeni habari ya Namunyak.

Alikuwa msichana wa darasa la kwanza katika shule moja ya tambarare ya Olbalbal. Jina lake kwa Kimaasai ni mwenye bahati. Hakuwa amesema neno tangu aandikishwe. Siku tuliyofika, mama yake aliitwa, akasimama mlangoni pa ghala akiwa na madumu yake, kwa maana alikuwa njiani kuelekea kwenye maji. Huko maji yana zamu, na ng’ombe wa mtu aliyechelewa hurudi na kiu.

Bi Ritha alimpima kwa utaratibu tuliofundishwa. Tunaanza na midomo, kisha meno, ulimi, kaakaa, mwishoni koo, kwa kijiti na tochi ndogo. Masikio huachwa nyuma ya yote kwa sababu yanahitaji utulivu, na siku hiyo upepo ulikuwa unalipiga bati kama watu wanaogombea kuingia. Tukamaliza mdomo, tukakaa kungoja upepo utulie. Yule mama alingoja nasi kwa muda, akatazama jua, akachukua madumu yake akaondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba kipimo hakijaisha. Kwetu lilikuwa jambo lililo wazi mno, kwa hiyo halikusemwa.

Upepo ulipotulia, Bi Ritha alitikisa kopo la kokoto nyuma ya kichwa cha mtoto. Namunyak aliendelea kuchezea shanga zake. Akatikisa karibu zaidi, kwa nguvu zaidi. Mimi niliyekuwa pembeni nilishtuka, mtoto hakushtuka. Tulipomulika masikioni tulikuta usaha, pande zote mbili.

“Koo zima, ulimi mzima,” Bi Ritha akasema. “Huyu hasikii.”

Tulimweleza mwalimu wa darasa, tukamsihi awaambie wazazi wampeleke hospitali. Mwalimu alikubali kwa moyo mweupe. Lakini ukame ulikuwa umekaza, boma lile likahamisha ng’ombe mbali kufuata maji, na mtoto akahama nao. Ujumbe ukabaki shuleni.

Tuliporudi, baada ya kukosa gari kwa kipindi kirefu, nafasi ya Namunyak darasani ilikuwa tupu. Boma lilikuwa limesharudi, na mama yake aliposikia mngurumo wa gari alikuja mwenyewe. Safari hii hakuwa na madumu. Akaketi chini, mlangoni palepale, akasema na Mama Sinyati akatafsiri.

“Mliingiza taa kooni kwa mwanangu mimi nikiona. Mkatazama, mkatazamana ninyi kwa ninyi, mkatazama tena. Nikasema, wasomi wameuona ugonjwa, wanaogopa kuniambia.”

“Kisha?” Bi Ritha akauliza taratibu.

“Kisha nikatibu pale mlipomulika.”

Walimwita fundi wa kimeo anayezunguka na minada. Alikata kile kinyama kinachoning’inia kooni, akapaka dawa yake, akaenda zake. Damu haikukatika. Wakambeba mtoto kuelekea barabarani, wakakaa wakingoja gari lolote. Gari lilipopatikana, Namunyak hakuwa na haja nalo tena.

Nimesimama majukwaani, ndugu zangu, nimezitikisa kumbi za chuo kwa sauti hii ambayo Kaka anasema inawachosha. Pale ghalani nilichofanya ni kuificha tochi mfukoni.

Yule mama ndiye aliyeendelea. “Na kama tungempeleka hospitali kwa ajili ya masikio, angesema?”

Bi Ritha si mtu wa kuongopa. Alijibu, “Sijui kama angesikia vizuri. Pengine angebaki kiziwi. Lakini angeishi, na angesoma.”

Mama Sinyati alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akageukia magunia. Alipotafsiri hatimaye, yule mama alitikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa mchana kweupe.

“Kiziwi!” akasema. “Kiziwi ningemfundisha kuchunga. Kiziwi anaona ng’ombe.”

Tangu siku hiyo tumeugeuza utaratibu wetu. Hatumuliki mdomo wa mtoto kabla mzazi hajaketi na kuambiwa tunatafuta nini, na kwamba kutazama mahali si kusema kwamba pana ugonjwa. Mwenye zamu ya maji tunamfuata kwenye maji. Ni badiliko dogo, na limekuja kwa gharama ambayo hatukuilipa sisi.

Kaka Bonifasi, najua hufanyi haya kwa ukatili. Tangu Baba afariki wewe ndiye uliyesimama mbele ya nyumba hii, na najua inavyokuchoma majirani wanapomwita mpwa wako bubu mbele yako. Unampenda. Mama wa Namunyak naye alimpenda wake. Upendo haukuizuia damu.

Wala msijidanganye kwamba hayo ni mambo ya wafugaji wa mbali, na kwamba sisi Wairaqw wa Rhotia tumeshaendelea. Tumeendelea kwa lipi? Tuna lami, tuna kanisa, tuna bodaboda kila kona, na hospitali si ya kusafiria kutwa nzima. Mwenzetu wa Olbalbal alimwita fundi kwa sababu barabara ilikuwa mbali na ujumbe haukufika. Sisi tunamwita fundi yuleyule, barabara ikipita mbele ya mlango wetu! Nani hapo aliye nyuma?

Dada Veronika, wewe ndiye uliyeniambia kwamba Fabiani akikupa mgongo, hata uangushe sufuria hageuki. Ukaniambia pia kwamba akikuona unajifunga kanga ya kutokea, anakimbilia viatu vyake kabla hujamwita. Mtoto wa namna hiyo ana akili, anaifuata dunia kwa macho. Na ule usaha uliokuwa ukimtoka masikioni, mliomtilia mafuta ya vuguvugu mkasema umekauka, nani aliangalia ndani? Mimi sidai kwamba ninajua ugonjwa wake. Inawezekana ni masikio, inawezekana ni jambo jingine, na inawezekana safari yake ya kusema itakuwa ndefu na isifike mwisho tunaoutaka. Ninalolidai ni hili: hatujui. Na asiyejua hashiki kisu.

Mtaniambia kwamba hospitali watatuzungusha. Watuzungushe, tutazunguka pamoja. Nimemwomba Bi Ritha ruhusa, naye amenipa kabla sijamaliza sentensi. Jumatatu asubuhi nitamshika Fabiani mkono, wewe Dada utamshika mwingine, tutakwenda apimwe masikio, na yeyote atakayempima atatueleza anatafuta nini kabla hajagusa. Nikikuta nimekosea, Kaka, nitasimama mbele yako nicheke pamoja nawe, na utaniita Mheshimiwa mpaka nizeeke. Lakini kosa langu litamwacha mtoto akiwa hai. Kosa lako halina kesho yake.

Na kama fundi huyo atawahi kufika, Dada, usingoje idhini ya mtu. Funga mlango, kaa nyuma yake na mwanao. Wewe ndiye mama. Mama, nakuomba uketi upande huo wa mlango pamoja naye. Nani atakayethubutu kukupita?

Mnisalimie bibi yetu mzaa baba, mwambieni blanketi lake nimelipata na ndilo ninalojifunika ninapoandika. Mnisalimie mwalimu wa kwaya, baba yangu wa ubatizo. Sauti aliyonifundisha bado naitumia, ingawa si kwa nyimbo. Mama Prisca wa dukani nampa pole kwa kufanywa posta. Na shemeji Damiani, baba wa Fabiani, akirudi kutoka kreta na wageni wake, mwambieni hivi: mtu anayeweza kumwona faru kwa mbali namna ile na kuwaonyesha watalii, atenge siku moja amtazame mwanawe kwa karibu. Asimwachie Kaka uamuzi ambao ni wake na mkewe.

Nimeandika kwa ukali, na sitaomba radhi kwa ukali huo. Kwa machozi yaliyolowesha ukurasa wa pili mtanisamehe, wino umetapakaa kidogo lakini maneno yanasomeka.

Ni mimi, mdogo wenu na mkaidi wa nyumba,
Restituta

Tangazo kwa wote: nafika kwa basi la Jumamosi. Kikao ni Jumapili hii, mara tu misa ya kwanza itakapokwisha, uani kwa Mama. Fabiani awepo. Kikao cha kuamua juu ya koo la mtu hakianzi kabla mwenye koo hajaketi.