Nilimnyonyesha Mtoto Yesu Mbele ya Kanisa

Mpendwa Mama Kavata, nisaidie, maana Jumapili inakuja na sijui nitasimama kanisani niseme nini. Krismasi tuliigiza kuzaliwa kwa Yesu, mimi nikawa Mariamu na mwanangu Musyoka, ambaye hata meno hajaota, akawa mtoto Yesu, na mamajusi walipokuwa wanaingia Musyoka akalia njaa, watu wakaanza kucheka, basi nikajifunika leso nikamnyonyesha. Mama Kavata, nilipomtazama akivuta maziwa, macho ameyafumba, nikawaza kwamba Yeye aliyeumba vilima hivi na mvua tunayoingoja aliwahi kushikwa hivi, akaona njaa, akamhitaji msichana wa kijijini, nikalia nisijue kama ni furaha au ni hofu.

Mzee wa kanisa, Kisilu, akasimama. "Toa hiyo aibu! Mungu hawezi nyonya!" Mchezo ukaishia hapo.

Lakini mama mkwe wangu Mbula, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwahi kukanyaga kanisani, alikuwa amekuja kumwona mjukuu tu, na unajua kwa desturi yetu Wakamba mtoto mchanga alihesabiwa kama roho mpaka apewe jina na kuvikwa ushanga shingoni, hapo ndipo akaitwa mtu. Yeye akauliza kwa sauti, "Kwani Mungu yenu alinyonya? Na akapewa jina? Basi huyo ni mtu kabisa!" Tangu siku hiyo kila jioni ananiuliza habari za Yesu. Sasa wazee wanataka nitubu mbele ya watu kwamba nilimtukana Mungu, la sivyo Musyoka hatawekwa wakfu, na mume wangu anasema nitubu tu yaishe, lakini nikitubu nitamwambia nini mama mkwe?

Kalunde, Mutomo

Kalunde binti yangu,

Pole, lakini futa machozi. Mzee Kisilu akinionyesha chupa waliyomnyweshea mtoto Yesu kule Bethlehemu, nitapanda basi nije nitubu pamoja nawe. Alizaliwa na mwanamke. Alilia, akalowesha nguo, na kuna mtu alizifua. Mimi nimezalisha wanawake miaka mingi, na nikifika hapo bado nastaajabu. Mkubwa namna ile, na shingo yake haikazi bila mkono wa mama! Ninaogopa, na ninafurahi kuogopa.

Ila nakugombeza. Mbona mimi mgeni nimejua ulichokiona ukinyonyesha, na mumeo hajui? Umemwachia Kisilu peke yake aongee. Mwambie mumeo leo. Kisha nendeni wawili kwa mzee kabla ya Jumapili, mwite baba, mwombe radhi kwa kumshtua. Kwa kunyonyesha, hapana. Hilo ukilitubu, unamwambia mama Mbula kwamba Mungu hakuja kweli.

Wakikunyima wakfu, Musyoka ni mdogo, atangoja. Nyanya yake ni mzee, hana muda wa kungoja. Jumapili ukiitwa mbele, simama na mama Mbula, umbebe mtoto, useme uliyoniandikia. Na akilia njaa kabla hujamaliza, mnyonyeshe.

Mama Kavata